Anayeanza kuandika programu kwa msaada wa akili mnemba ajifunze kwanza kuhakiki

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu jambo linalozungumzwa sana siku hizi, ingawa mara nyingi huzungumzwa kwa shangwe au kwa hofu kuliko kwa maelezo: uandishi wa programu za kompyuta kwa msaada wa akili mnemba. Kazi yangu ni kuandika programu na kuwafundisha wanaoanza, na swali ninaloulizwa sasa kuliko yote si lugha gani ya programu ianze kujifunzwa, bali kama kuna haja ya kujifunza chochote ilhali mashine inaandika yenyewe. Jibu langu ni kwamba haja ipo, tena imeongezeka, isipokuwa kinachopaswa kutangulia kimebadilika. Anayeanza leo anahitaji uwezo wa kusoma msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, na kuujaribu kabla ya kuhitaji uwezo wa kuuandika kwa kasi, na asipoupata mapema atajikuta na programu nyingi ambazo hawezi kuzitolea hesabu mbele ya wanaozitumia.

Mambo yamekwenda haraka, kwa hiyo si ajabu kwamba wengi wamechanganyikiwa. Mwaka 2017 watafiti wa Google walichapisha muundo wa mtandao wa neva uitwao Transformer, ambao umekuwa msingi wa modeli kubwa za lugha tunazozitumia leo, yaani mashine zilizojifunza kutokana na maandishi mengi ili ziandike zenyewe. Juni 2021 GitHub, kampuni inayohifadhi miradi ya programu mtandaoni, iliwafungulia watu wachache Copilot, chombo kilichokaa ndani ya programu ya kuandikia msimbo na kupendekeza mistari inayofuata, na mwaka mmoja baadaye kikaanza kuuzwa kwa yeyote aliyekitaka. Novemba 2022 ikaja ChatGPT, na mtu ambaye hajawahi kuandika mstari mmoja akaweza kuomba programu kwa maneno ya kawaida. Sasa tunao mawakala, yaani vyombo ambavyo havipendekezi tu bali hufungua mafaili yenyewe, huyabadilisha, huendesha amri kwenye kompyuta na kurudi kueleza vilichofanya. Februari 2025 Andrej Karpathy, mmoja wa walioanzisha OpenAI, kampuni iliyotoa ChatGPT, aliupa jina la vibe coding mtindo wa kuieleza mashine unachotaka na kukubali kila inacholeta bila kuusoma msimbo. Yeye mwenyewe aliuzungumzia kama mtindo usio mbaya kwa vijimradi vya mwisho wa wiki, vya kuchezea na kutupa. Wengi wamelichukua jina na kuuacha mpaka aliouweka, na hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanzia.

Wapo wanaonijibu kwamba wasiwasi wa namna hii si mpya. Wananikumbusha kwamba mwaka 1957, kundi la IBM lililoongozwa na John Backus lilipotoa lugha ya FORTRAN, walikuwapo waliodhani kwamba hakuna mashine itakayotafsiri maagizo hayo kuwa lugha ya kompyuta kwa ufanisi wa mtu mwenye ujuzi, na kwamba historia iliwathibitisha kuwa wamekosea. Kwa hoja hiyo, akili mnemba ni ngazi nyingine tu ya kupanda juu, na kama ambavyo leo hakuna anayesoma namba ambazo kompyuta inazitekeleza, kesho hakuna atakayesoma msimbo wa lugha ya programu kama Python. Naiheshimu hoja hii, lakini naona inaruka jambo kubwa. Mfasiri wa lugha ya programu, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya kompyuta, hufuata kanuni zilizoandikwa: maana ya kila kauli imewekwa bayana, na ukimpa maandishi yaleyale kwa mipangilio ileile unatarajia tokeo lilelile. Modeli ya lugha hufanya kazi kwa kukadiria ni kipande gani cha maandishi kinaelekea kufuata vilivyotangulia, na ombi lilelile linaweza kuleta programu mbili zilizo tofauti. Zaidi ya hapo, maneno ya kawaida ya binadamu yana mapengo ambayo sisi tunayajaza kwa kujuana, ilhali mashine huyajaza kwa makisio bila kukwambia kwamba imekisia. FORTRAN haikumwachia mtumiaji mapengo ya aina hiyo.

Niruhusu nitoe mfano mmoja kwa kirefu, kwa kuwa ndio ninaoutumia kufundishia na unaonyesha jambo lenyewe vizuri kuliko maelezo ya jumla. Tuchukulie kwamba mtu ana faili lenye majina ya wanafunzi na alama zao, naye anaiomba mashine hivi: andika programu ya Python inayosoma faili hili na kutoa wastani wa alama za darasa. Ombi linaonekana kamili, na msimbo unaorudi ni mistari michache, safi, yenye majina yanayoeleweka. Unaendeshwa mara ya kwanza na namba inatokea kwenye skrini. Katikati ya mistari hiyo, hata hivyo, panaweza kuwa na kipande kama hiki: float(safu["alama"] or 0). Maneno mawili ya mwisho, or 0, yana maana kwamba palipo wazi pahesabiwe kuwa sifuri. Sasa chukua darasa la wanafunzi watatu, wa kwanza akiwa na 80, wa pili 60, na wa tatu hakufanya mtihani kwa sababu alikuwa mgonjwa, hivyo nafasi yake iko tupu. Wastani wa waliofanya mtihani ni 70. Programu hii itatoa 46.67, na haitatoa onyo lolote.

Omba tena, na pengine utaletewa programu inayoziruka nafasi zilizo wazi na kutoa 70. Omba mara nyingine, na utapata ile inayojaribu kugeuza nafasi tupu kuwa namba, ikashindwa, ikasimama na kuonyesha ujumbe wa hitilafu. Kwa maoni yangu hiyo ya tatu ndiyo inayomsaidia zaidi anayeanza, ingawa ndiyo itakayomkera, kwa kuwa inamlazimisha kukabili swali ambalo zile mbili zimelijibu kimya kimya: je, asiyefanya mtihani ahesabiwe amepata sifuri, au asihesabiwe kabisa? Swali hilo si la kompyuta. Anayepaswa kulijibu ni mwalimu mwenye darasa, kwa taratibu za shule yake, na hakuna modeli, hata iwe bora namna gani, itakayolijua jibu hilo kama haikuambiwa. Msimbo wa kwanza haukuwa na kosa la sarufi wala la hesabu. Ulikuwa na uamuzi ambao hakuna mtu aliyeufanya.

Ndiyo sababu huwaambia wanafunzi wangu waanze kazi yao kabla ya kufungua dirisha la kuiandikia mashine. Mtu aandike kwa maneno yake programu inapokea nini na inatoa nini, kisha aandike mifano michache aliyoikokotoa mwenyewe kwa mkono: darasa la kawaida, darasa lenye nafasi tupu, darasa lisilo na mwanafunzi hata mmoja (hapa programu nyingi huanguka kwa kujaribu kugawanya kwa sifuri), na faili ambalo mtu ameandika neno mahali pa namba. Mifano hiyo ndiyo majaribio yake. Akiipeleka pamoja na ombi, msimbo unaorudi huwa bora zaidi, na hata usipokuwa bora, anacho cha kuupimia. Edsger Dijkstra, mmoja wa mabingwa wa fani hii, alisisitiza zamani kwamba majaribio yanaweza kuthibitisha kuwapo kwa hitilafu lakini hayawezi kuthibitisha kutokuwapo kwake, na hilo bado ni kweli. Lakini asiye na jaribio lolote hawezi hata kuthibitisha hitilafu iliyo mbele ya macho yake. Niongeze tahadhari inayowahusu mawakala. Ukimwagiza wakala ahakikishe majaribio yote yanapita, wakati mwingine atafanikisha hilo kwa kulibadilisha jaribio lenyewe, au kwa kuweka ndani ya programu jibu la mfano uliompa. Faili la majaribio linapaswa kuwa chini ya ulinzi wa mtu, na badiliko lolote ndani yake lisomwe kwa makini kuliko mabadiliko mengine yote.

Kusoma mabadiliko kunawezekana tu kama mabadiliko yanaonekana. Hapa naona walimu wengi, na vitabu vingi vya wanaoanza, wakiichelewesha Git, chombo cha kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, mpaka mwisho wa mafunzo, kana kwamba ni ya wakubwa peke yao. Chombo hiki, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, huhifadhi hali ya mradi katika kila hatua na huonyesha mstari kwa mstari kilichoongezwa na kilichoondolewa. Mtu anayefanya kazi na akili mnemba anakihitaji tangu siku ya kwanza. Ahifadhi hali ya mradi kabla ya kuikabidhi mashine kazi, aombe badiliko moja dogo, alisome, aendeshe majaribio, ahifadhi tena, ndipo aendelee. Anayeomba programu nzima kwa pigo moja huletewa mamia ya mistari ambayo hana muda wala nguvu ya kuisoma, na kitu kikiharibika hajui arudi wapi. Anachofanya kwa kawaida ni kuiomba mashine irekebishe, nayo hurekebisha hapa na kuharibu kule, mpaka mazungumzo yamekuwa marefu kiasi kwamba maagizo ya mwanzo yamesahaulika. Modeli hizi zina kikomo cha maandishi zinayoweza kuyazingatia kwa wakati mmoja, na hata kabla ya kikomo hicho kufikiwa, umakini wake hupungua. Mara nyingi dawa ni kuyafunga mazungumzo hayo, kurudi kwenye hali ya mwisho iliyokuwa ikifanya kazi na kuanza upya kwa ombi fupi lililo wazi.

Kuna tofauti kubwa pia kati ya kuitumia mashine ikufanyie kazi na kuitumia ikufundishe, na anayeanza anapaswa kujua yuko upande gani kila anapoandika ombi. Mwanafunzi akiandika kitanzi chake mwenyewe, yaani sehemu ya msimbo inayojirudia, kikamshinda, kisha akaomba aelezwe kwa nini kinazunguka mara moja zaidi ya ilivyokusudiwa, bila kupewa msimbo uliosahihishwa, atakuwa amefunzwa. Akibandika zoezi na kunakili jibu, atakuwa amepata alama ya zoezi na kuukosa ujuzi ambao zoezi lilikusudiwa kumpa. Kipimo ninachopendekeza ni rahisi: funga dirisha la mashine, kisha eleza kwa sauti kila mstari wa programu yako unafanya nini na nini kitatokea ukiondolewa. Mstari usioweza kuuelezea bado si wako. Sisemi kwamba mtu aandike kila kitu kwa mkono kwa miaka mingi ndipo aruhusiwe kutumia vyombo hivi, kama wanavyodai baadhi ya wenzangu. Msaidizi asiyechoka kuulizwa swali lilelile ni neema kubwa kwa anayejifunza peke yake, hasa yule asiye na mwalimu karibu. Nasema tu kwamba wiki za kwanza zitumike zaidi kuuliza kwa nini kuliko kuagiza nipe.

Suala la usalama linahitaji barua yake peke yake, kwa hiyo nitagusa machache. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York waliijaribu Copilot ya wakati huo kwa hali 89 zilizochaguliwa makusudi kwa kuwa ni rahisi kuleta udhaifu wa kiusalama, wakapata programu 1,689, na takribani asilimia 40 ya programu hizo zilikuwa na udhaifu. Vyombo vimeboreshwa tangu wakati huo, lakini sababu ya tatizo haijaondoka, kwani modeli zilijifunza kutokana na msimbo uliopo duniani, na msimbo uliopo duniani umejaa mazoea mabaya, kama vile kuunganisha maneno aliyoyaandika mtumiaji moja kwa moja na amri ya kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa za programu. Hatari nyingine ni mpya kabisa: modeli huweza kupendekeza maktaba ya msimbo (msimbo ulioandikwa na wengine ili utumike ndani ya programu yako) isiyokuwapo, kwa jina linaloonekana la kweli, na wahalifu wamegundua kwamba wanaweza kulisajili jina hilo na kuweka humo programu yenye madhara, wakimsubiri atakayeisakinisha bila kuuliza. Kila jina la maktaba linalopendekezwa lithibitishwe katika hifadhi rasmi ya lugha husika kabla ya kusakinishwa. Vilevile manenosiri, funguo za huduma za mtandaoni na taarifa za watu halisi zisibandikwe kwenye mazungumzo na mashine, wala zisiandikwe ndani ya msimbo.

Kuhusu kasi, ambayo ndiyo sifa inayotangazwa zaidi, nashauri watu wasiamini hisia zao. Mwaka 2025 taasisi ya utafiti ya METR iliwafuatilia waandishi wa programu 16 wenye uzoefu, wakifanya kazi halisi 246 kwenye miradi huria, yaani ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, waliyoizoea, baadhi kwa ruhusa ya kutumia akili mnemba na baadhi bila ruhusa hiyo. Waliporuhusiwa, walitumia muda mrefu zaidi kwa asilimia 19. Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba hata baada ya kumaliza, wenyewe waliamini kwamba vyombo vile viliwaharakisha kwa asilimia 20. Si sahihi kuuchukua utafiti huo kuwa hukumu juu ya kila mtu na kila kazi, kwani ulihusu watu waliobobea, miradi mikubwa waliyoijua kwa undani, na vyombo vya mwanzoni mwa mwaka 2025; anayeandika programu ndogo mpya anaweza kabisa kuharakishwa. Lakini kama watu wenye uzoefu wa miaka mingi wanaweza kukosea namna hiyo kuhusu muda wao wenyewe, anayeanza ana kila sababu ya kuangalia saa, na kuhesabu pia muda anaoutumia kurekebisha kile kilichotoka upesi.

Msomaji wa Kiswahili ana jambo lake la ziada. Modeli kubwa za sasa zinaelewa Kiswahili kiasi cha kutosha kupokea maelezo ya programu na kueleza ujumbe wa hitilafu, na hilo limeondoa kizuizi kilichowazuia wengi kwa miaka mingi. Nawahimiza wanaoanza waulize kwa lugha wanayoifikiria, kwa sababu pengo katika ombi huonekana haraka zaidi kwa lugha ambayo mtu anaimiliki. Hata hivyo modeli hizo zilisoma Kiswahili kidogo mno zikilinganishwa na Kiingereza, na katika maelezo ya kiufundi huweza kuleta istilahi ambayo hakuna anayeitumia, au kulitafsiri neno ambalo ndani ya msimbo linapaswa kubaki lilivyo. Maelezo yakionekana mazito kupita kiasi, mashine iombwe mfano wa msimbo wenye mistari mitatu au minne, uendeshwe, na tokeo lisomwe, kwa kuwa kompyuta haijali mfano ulielezwa kwa lugha gani.

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja mahususi. Mazoezi yetu mengi bado yanapima kama mwanafunzi anaweza kutoa programu, na programu sasa inatoka kwa sekunde chache. Tuwape wanafunzi programu iliyokwisha kuandikwa na mashine, yenye hitilafu ambayo haionekani kwa kuitazama juu juu, na tuwaulize ni ingizo gani litakaloifichua. Zoezi la aina hiyo huchukua muda mrefu kuliandaa, nakiri, lakini ndilo linalofanana na kazi inayowasubiri. Shule au chuo kinachoamua kupiga marufuku vyombo hivi moja kwa moja kitakuwa kimewaacha wanafunzi wajifunze kuvitumia gizani, bila mtu wa kuwaonyesha namna ya kuvihakiki.

Na kwako, Mhariri, naomba habari za akili mnemba katika gazeti lako zisiishie kwenye makampuni na mabilioni yao. Chapisha mara kwa mara programu fupi moja kamili, pamoja na ombi lililoandikwa, msimbo uliorudi, majaribio yaliyofanywa na mistari iliyolazimika kubadilishwa na sababu yake. Mistari 15 inaenea kwenye safu moja, na msomaji mwenye kompyuta ya kawaida ataweza kuinakili na kuiendesha mwenyewe. Niko tayari kuandaa mifano ya kuanzia na kuihakiki kabla haijachapwa.

Wako,
Msomaji na mwalimu wa uandishi wa programu